Aliyeungua Haponi

Nilipokuwa mtoto nilikuwa na sahani yangu, kikombe changu na kigoda changu kando ya mlango, na kwa muda mrefu nilidhani huo ni upendeleo. Wenzangu waligombea bakuli moja la mlenda, mimi nikila kwa raha zangu. Siku moja mtoto wa jirani alitaka kunywea kikombe changu, mama yake akakipiga kofi kikaruka. Ndipo nilipojua kwamba nina kifafa na kwamba watu wanaamini mate yangu yanaambukiza.

Pale kijijini Hombolo, mimi peke yangu ndiye sikuwahi kukiona kifafa changu. Nilikuwa nakatika tu katikati ya mchezo, kisha nazinduka ulimi unauma, nguo zimelowa, na watu wamesimama mbali wakinitazama. Aliyeanguka hakuguswa mpaka povu limkauke mdomoni. Mama ndiye pekee aliyenisogelea. Alinifuta kwa khanga yake, na kwa ajili hiyo wanawake wenzake wakaanza kumkwepa bombani.

Vidonge vilikuwepo. Mama alivichukua zahanati, nami nilivimeza kila jioni, na naamini vilikuwa vinasaidia, maana nilikuwa nimeanza kukaa siku nyingi bila kuanguka. Kisha nikaangukia moto.

Mama alikuwa ameinjika uji, akatoka kuwafungulia mbuzi. Bibi, mama yake baba, alikuwa uani akipepeta uwele. Aliniona nikianguka, mkono wa kushoto ukaingia kwenye makaa, na akapiga yowe la kumwita mama. Bibi alinipenda kuliko wajukuu wake wote, nasema hivyo bila kusita, na hakunigusa. Mama ndiye aliyenivuta.

Jioni ile mama alipofungua kichupa cha vidonge, Bibi alimshika mkono.

"Mwache mtoto apumzike na hivyo," alisema. "Aliyeungua haponi."

Kwetu jambo hilo halikuwa na mjadala. Mwenye kifafa akishaonja moto, ugonjwa umefungwa ndani yake, na dawa yoyote, iwe ya hospitali au ya mizizi, ni kazi bure. Baba alikuwa Kiteto akilima, kwa hiyo neno la Bibi ndilo lililokuwa neno la nyumba. Vidonge vikakoma. Hakuna aliyenichukia. Nilianza kupewa vipande vizuri vya nyama, nikaitwa majina matamu, nikaruhusiwa kutoteka maji. Sasa nikiwa mtu mzima ndiyo naelewa kwamba walikuwa wananiaga.

Kifafa kilirudi na hasira zote. Nilianguka darasani, nikaanguka kanisani, nikaacha shule. Usiku mama alinifunga kwake kwa khanga ili nikitikisika aamke. Nilimsikia akimlaumu Mungu kwa sauti ya chini, akimwambia maneno ambayo mchana asingethubutu kuyatamka. Mfa maji haachi kutapatapa. Muuguzi wa zahanati alipomwambia kuna kituo cha kifafa mjini, wanakokaa wataalamu wa kila namna, mama hakumuaga hata Bibi. Tulifikia kwa mama mdogo, mtaa wa Area D.

Pale kituoni hapakuwa na daktari mmoja, walikuwa kundi zima. Daktari wa ubongo, Mchaga mrefu mwenye haraka. Binti aliyenibandika waya kichwani na kuangalia mistari ikikimbia kwenye kioo. Mwanasaikolojia aliyetaka kujua ninaogopa nini, nikamjibu naogopa watu wakisimama mbali. Mtaalamu wa lishe. Na mama mmoja wa ustawi wa jamii, Mgogo mwenzetu kutoka Mlali. Kila mmoja aliuliza ya kwake, na mama alijibu kila mmoja kwa adabu. Daktari alipomuuliza kama nameza dawa, alisema, "Ndiyo, daktari." Angemkatalia vipi mtu mkubwa namna ile?

Tulikwenda, tukarudi, tukaenda tena. Kila mara daktari aliongeza dozi, na kila mara mama alivihifadhi vile vidonge sandukuni kwa uangalifu mkubwa. Nilianguka mpaka kwenye korido yao.

Siku moja wote walikaa kwenye meza moja kuzungumzia habari yangu, wakatuita. Daktari alionekana amechoka.

"Mama, dozi hii ingemlaza hata ng'ombe," alisema. "Dawa zinashindwa. Itabidi tufikirie kupasua kichwa."

Mama alishuka kwenye kiti akapiga magoti.

"Msimpasue mwanangu. Mimi nangoja mfungue kwanza, ndipo nimpe dawa. Zile waya hazijafungua?"

"Kufungua nini?"

"Ule moto."

Wakatazamana. Mama wa ustawi wa jamii aliweka kalamu chini, akamuuliza jambo kwa Kigogo, mama akajibu huku analia. Kisha yule wa ustawi akawaeleza wenzake: huyu ameungua, na kwetu aliyeungua haponi. Mama yake aliamini waya ni za kufungua kilichofungwa na moto, na mpaka kifunguliwe vidonge ni vya kutunza tu. Mtoto hajameza hata kimoja.

Nilitegemea daktari angefoka. Alizunguka meza, akanishika mkono wangu wa kushoto, palepale penye kovu, akakaa nao.

"Mama," alisema, "moto umechoma ngozi. Kichwani haukufika."

Mama alimwangalia kama mtu anayetaka sana kuamini na hawezi. Akasema, "Bibi yake hatakubali." Wakabishana wao kwa wao, kisha wakaamua jambo ambalo mpaka leo nawaheshimu kwalo. Walikuja nyumbani, Hombolo.

Bibi aliwapokea uani. Daktari alimwamkia, "Shikamoo, bibi," akaketi kwenye kigoda magoti yakimfika kidevuni, akaeleza yote polepole. Bibi alisikiliza ameinamisha kichwa.

"Kwa hiyo aliyeungua hupona?"

"Wengi hupata nafuu, bibi, na wengine hupona kabisa. Wakimeza dawa bila kuacha."

"Hata aliyeungua uso?"

"Hata huyo."

"Hata zamani? Vidonge vile vya misheni?"

Daktari alitaka kujibu, mama wa ustawi wa jamii akamgusa goti.

"Bibi," akauliza, "alikuwa nani?"

Nilikuwa sijawahi kulisikia jina alilolitaja. Hata mama hakuwahi.

"Yona. Kitindamimba wangu. Misheni walinipa vidonge vyake. Alipoungua nikavimwaga, kwa sababu mama yangu aliniambia, na mama yangu hakuwa mwongo. Hakumaliza mwaka."

Kuku walikuwa wakidonoa chenga za uwele miguuni petu. Bibi alinyoosha mkono, akaupapasa wangu kwenye kovu. Ilikuwa mara ya kwanza kuligusa.

"Huyu mpeni," alisema. "Nitamnywesha mimi mwenyewe. Lakini Yona, niambieni ulikuwa moto. Mkisema si moto, basi ni nani?"

Bibi hakuwaangalia wengine, alimwangalia daktari tu.

"Kwa Yona ulikuwa moto, bibi," daktari akasema. "Usingeweza kufanya kitu."

Bibi akaitikia kwa kichwa mara nyingi, akainuka kwenda kuleta maji ya kunimezesha.

Mpaka leo nameza vidonge. Naanguka mara chache, tena nikijisahau. Nimesoma vya kutosha kujua kwamba daktari yule alimdanganya bibi yangu, na kwamba Yona pengine angeishi. Nimejaribu mara nyingi kumtafutia daktari jibu lingine ambalo angempa yule mama mzee pale uani, na sijalipata.