Daftari la Bibiana

Zamani mtu akifa Lulindi, Bibiana alifika msibani na daftari lake, akakaa mchana kutwa akiuliza huyu aliyelala ndani alikuwa nani. Siku hizi kijana mmoja anaiambia simu, na kabla kaburi halijafika kiunoni wasifu wa marehemu umeshakamilika.

Bibiana hakuwa mwalimu wala katekista. Alilima korosho na mihogo, aliishia darasa la saba, na mwandiko wake ulilalia kushoto. Kwa miaka thelathini na moja yeye ndiye aliyeandika wasifu uliosomwa kaburini. Hakumwuliza mkubwa wa wafiwa peke yake. Aliwafuata wanawake jikoni, wachimba kaburi, hata jirani aliyegombania mpaka na marehemu. Alianza na jina la mama wa marehemu na la bibi mzaa mama, maana kwetu ukoo unatoka huko. Swali lake la mwisho halikubadilika: "Kuna mtoto ambaye hatujamtaja?" Watu walitazama chini. Yeye alisubiri, kalamu mkononi, mpaka mmoja aseme.

Mwaka jana akafa Gasper, kaka yake wa tumbo moja. Gasper aliacha watoto watano wa ndoa, na binti mkubwa, Swaumu, aliyemzaa na mwanamke wa Chilangala kabla ya ndoa ya kanisani. Tulijua wote. Swaumu alifika asubuhi kwa bodaboda, akaketi mkekani na wanawake. Kaburini watoto huitwa kwa majina, kama yalivyo kwenye wasifu, waweke mashada. Swaumu alikuwa na miaka arobaini na sita, na alikuwa hajawahi kuitwa mtoto wa Gasper mbele za watu.

Bibiana alimwendea Fortunatus, mtoto wa kwanza wa ndoa.

"Shikamoo, shangazi. Wewe pumzika tu, wasifu tayari."

"Marahaba. Kaandika nani?"

"Akili mnemba, hii ya kwenye simu. Nimeipa majina na miaka, dakika mbili imemaliza. Mchungaji mwenyewe kausifu."

"Ilikuuliza habari za watoto?"

"Iliuliza. Nikaitajia sisi wa nyumbani."

"Na dada yako Swaumu?"

Fortunatus alitazama kule mkekani. "Shangazi, nakala mia zimeshachapwa Masasi. Tusianze mambo leo."

Kaburini wasifu ukasomwa, lugha tamu kama ya redioni. Gasper alikuwa nguzo ya jamii. Gasper alipenda sana kusoma vitabu.

"Gasper kaanza lini kusoma?" Gervas, jirani yangu, aliniuliza kwa sauti ya chini.

"Labda wodini, kabla hajafa," nilimjibu.

Barua zote za Gasper alisomewa na dada yake. Lakini watu waliitikia kwa vichwa, wameridhika. Mama yake Gasper hakutajwa. Wakaitwa watoto, watano. Kisha akaitwa dada wa marehemu. Bibiana akachukua shada lake, akawapita wafiwa wote, akaliweka mikononi mwa Swaumu.

"Nenda, mwanangu."

Kipaza sauti kikasema, "Tunaomba waliotajwa tu, ndugu zangu. Muda umekwenda."

Swaumu alikuwa ameshapiga hatua mbili. Akasimama. Akamrudishia shangazi yake shada, taratibu, kama mtu anayerudisha chombo cha kuazima. Sisi wazee tuliomjua mama yake tulikuwa palepale, na hakuna aliyefungua mdomo. Mimi nikiwemo. Fortunatus angalau anaweza kuisingizia simu.

Bibiana aliondoka siku ileile. Nasikia anaishi Chilangala kwa Swaumu. Misiba imetokea tangu hapo, na hakuna aliyetuma mtu kumfuata. Kila wasifu sasa ni mtamu na unafanana na uliopita. Tumeshazika nguzo za jamii kumi na moja. Juzi mjukuu wangu Stella aliniuliza mwaka niliozaliwa, akauingiza kwenye simu yake. Hakuuliza kingine.

Mara ya mwisho kuwaona Bibiana na Swaumu ilikuwa siku ileile ya mazishi, watu wameshahamia kwenye chakula. Wao walibaki kaburini, hatua chache kutoka tulipokuwa tunakula, wameketi chini. Bibiana alikuwa anasoma daftari kwa sauti yake ya siku zote, akianza na jina la mama yake Gasper, kisha la bibi yake. Alipofika kwa watoto alisoma, "Wa kwanza, Swaumu," akageuza ukurasa. Swaumu akaweka shada juu ya udongo. Bodaboda ikapiga honi barabarani, wakapanda wote wawili. Mimi nilikuwa nimeshika sahani ya wali. Sikwenda kuwaaga.