Moyo wa Mwashi na Kichupa cha Maji

Saa mbili asubuhi. Mama Barafu anavua kandambili mlangoni, anavaa viatu vya ndani, anafunga koti jeupe mpaka kifungo cha shingoni. Anaketi mbele ya kompyuta, anasoma, anasogeza kiti nyuma, anasoma tena.

“Wifi, hebu njoo uone,” anamwita mwenzake wa meza ya pili, ambaye ni wifi wa utani tu. “Haya maji yanaumwa moyo.”

Wifi anainama. “Tangu lini maji yakawa na moyo?”

“Ndiyo nakuuliza.”

Mama Barafu ni fundi wa maabara ya hospitali. Jina hilo alipewa na wauguzi, maana hawajamwona akipita bila ndoo ndogo ya barafu. Kazi yake ni kutafuta virusi ndani ya nyama ya moyo. Misuli ya moyo ikivimba, daktari hupitisha waya mwembamba mshipani mpaka moyoni, akanyofoa kipande kisichozidi kichwa cha njiti ya kiberiti. Kipande hicho huletwa kwake.

“Nakisaga, natoa vinasaba, yale maandishi yaliyomo ndani ya kila kiumbe,” anaeleza. “Mashine inayasoma. Lakini yanakuja vipande vipande, kama gazeti lililochanwa. Karibu yote ni ya mwenye moyo wake. Ukikuta ya mgeni, ndipo unauliza mgeni gani.”

Safari hii moyo ni wa mwashi mwenye watoto pacha, ndiyo maana anaitwa Baba Pacha. Alianza na mafua, akayapuuza. Baadaye akashindwa kuinua ndoo ya zege. Sasa yuko wodini, miguu imejaa maji, analala ameegemea mito mitatu.

Daktari wake anangoja neno moja tu. Kama hana virusi, atampa dawa za kutuliza kinga ya mwili, kwa sababu kinga hiyo ndiyo inayoushambulia moyo. Kama anavyo, dawa hizohizo zinaweza kuviachia vitambe.

Katika vipande zaidi ya milioni kumi vya maandishi hayo, mashine imeokota arobaini na moja vya virusi. Hapo pangekuwa na jibu, isingekuwa kichupa cha pili. Kila safari Mama Barafu hupitisha pia maji safi matupu, hatua kwa hatua, kana kwamba nayo ni mgonjwa. Hayatakiwi kuonyesha kitu. Leo yameonyesha virusi vilevile.

“Ni kama uonje maji ya kupikia, hujatia chochote, ukute yana chumvi. Sasa mchuzi utausemaje?”

Anampigia daktari.

“Kwa hiyo anavyo au hana?” daktari anauliza.

“Sijui, daktari.”

“Jana uliniambia dalili zipo.”

“Jana sikuwa nimeyaona maji.”

“Kipande kimebaki?”

“Nusu. Nacho kikiharibika, mtamwingiza waya tena.”

“Waya hatauweza. Na hali yake haitupi nafasi. Kirudie leo.”

“Leo naanza na maji peke yake. Nijue uchafu umetoka wapi, ndipo nikiguse.”

“Na mkewe nimwambie nini?”

“Kwamba hatujui bado.”

Wodini, mke wa mwashi hashiki mwanzo wala mwisho. “Mara vipo, mara labda havipo. Virusi gani hivyo vinavyohamahama?”

“Vimeonja chakula cha hapa, Mama Pacha,” mumewe anajibu, akipumzika kila baada ya maneno mawili. “Vimekimbia.”

“Nyamaza upumue, baba. Utani utaukuta.”

Mama Barafu anapitisha maji kwa kemikali za kutolea vinasaba, kwanza za boksi lililokuwa wazi, kisha za boksi jipya. Ya boksi la zamani yana virusi; huenda viliingia humo likiwa wazi karibu na moyo wa mgonjwa mwingine. Ya boksi jipya hayana kitu. Hapo tu ndipo anatoa ile nusu kwenye friji ya barafu.

Majibu yakarudi: maji safi, moyo nao hauna virusi. Jioni ileile Baba Pacha akaanzishiwa dawa.

“Kama si virusi, ni nini kimemvimbisha?” mkewe anauliza. Daktari anasema huenda vilipita, vikauchokoza mwili, vikaondoka, na mwili bado unapigana. Huenda pia ni kingine. Mama Barafu akiulizwa hutikisa kichwa. “Nimesema tu ambacho hakipo. Kilichopo sikijui.”

Wiki hii mgonjwa amepunguziwa mto mmoja. Mama Barafu naye ameomba chumba chake kigawanywe kwa ukuta, kemikali zifunguliwe upande mmoja na mioyo upande wa pili. Wakubwa wamekubali. Habari hiyo ilimfikia mwashi kitandani.

“Mwambieni asitafute fundi mwingine,” alisema.

Mama Barafu alipopelekewa salamu hizo alikuwa anavaa glovu. Alivuta ya kushoto mpaka juu ya kifundo cha mkono. “Nitamngoja,” alisema. “Hata huo ukuta ukichukua mwaka.”