Fimbo ya Pepo

Asubuhi ile niliondoka Wingwi bila kumuaga mtu wala kujua niendako. Gari la kwanza lililosimama lilikuwa limebeba magunia ya karafuu. Nikapanda juu, nikashuka Mtambile kwa sababu nilisikia mtu analia.

Nyuma ya duka watu walikuwa wamejaa uani. Mwanamke alikuwa amefungwa kwenye mkarafuu kwa kamba ya usumba wa nazi, na kaka yake akimchapa mgongoni kwa fimbo ya mpera. Kanga ilikuwa imegandana na damu. Macho yake yalikuwa yametoka mbele, shingo imevimba, mikono ikitetemeka hata fimbo ilipokuwa bado juu. Mama yao alikaa kizingitini, amejifunika uso. Jirani akanieleza: pepo mkali, anakula chakula cha wawili na anakonda, na joto halimwishi. Mganga alikuwa ameagiza fimbo zisikome mpaka pepo ajitaje jina. Mtu ni kiti tu cha pepo, hasikii maumivu.

Wakatokea wanafunzi wa uuguzi waliokuwa wakizunguka nyumba kwa nyumba na mwalimu wao, mwanamke wa makamo. Mwalimu akaingia katikati. Fimbo iliyofuata ilimpata yeye. Niliusikia mfupa wa mkono ukilia. Hakurudi nyuma. Akawauliza wanafunzi wanaona nini.

Binti mmoja, mwenyeji wa pale, akajibu chini chini, "Pepo, Bi Mwalimu."

Hakumkaripia. Alimwambia amshike mgonjwa kifundo cha mkono, ahesabu mapigo. Binti akahesabu, akapotea, akaanza tena, akapotea. Hapo mwalimu, mkono wake ukining'inia, akafundisha. Mwili una walinzi wa kupigana na maradhi. Wa huyu wamekosea adui, wameirukia tezi ya shingoni wanaichochea bila kupumzika, nayo inauunguza mwili mzima. Viko vidonge vya kuituliza.

"Mimi nampiga pepo," kaka akasema.

"Unaupiga moyo, mwanangu. Nao umeshachoka."

Ni yule binti aliyefungua kamba. Kaka akamsukuma, binti akaangukia mizizi, akapasuka paji. Nikamkamata yule bwana kiunoni, tukabiringishana mavumbini, akaning'ata bega mpaka meno yakakutana. Wanafunzi wengine wakampandisha mgonjwa kwenye gari lao lililokuwa barabarani. Nikapanda nao, pamoja na mama wa mgonjwa.

Hospitali ya Chake Chake daktari alisema mgonjwa amewahishwa, wakamlaza. Mama akalitazama bega langu, akauliza nalala wapi. Nikasema popote. Akanipeleka kwa dada yake, jirani na hospitali, nikapewa mkeka barazani.

Magharibi kaka akafika, mikono mitupu. Akakaa kando yangu, akaniuliza bila kunitazama, "Yakhe, zile fimbo zote zilikuwa zikimuuma nani?"

Mama yake alikuwa mlangoni na ndoo.

"Ingia ule," alisema. "Kisha uje uifue kanga ya dada yako."