Sabufa Mbili na Wifi Mmoja

Mtaani walimwita Bi Nyaya, na jina lenyewe alilipata kwa haki. Tangu akiwa binti wa miaka kumi na saba, alipoanza kazi kwa mjomba wake aliyetengeneza redio, hakuna aliyewahi kumwona bila kipande cha waya: mfukoni, begani, siku nyingine kichwani, maana alikifungia nywele. Baadaye aliolewa, akazaa wawili, akawalea hadi wakaenda kujitegemea, ndipo akafungua studio ya muziki katika vyumba viwili vilivyokuwa ghala la magodoro. Mwenye ghala alimwachia rundo la vipande vya sponji akidhani ni takataka. Bi Nyaya alivigandisha ukutani kimoja kimoja, hata ikawa ukikohoa humo ndani, kikohozi chako hakikurudii.

Wateja walimpenda. Walikuja wa kwaya, wakaja wa bendi, akaja mstaafu mmoja aliyerekodi hadithi kwa ajili ya wajukuu wake walio mbali. Kazi zilitoka safi, ila kwa jambo moja tu: besi.

Spika zake za mezani zilikuwa mbili, kila moja kama tofali. Zilimwambia kweli kuhusu sauti za juu na za kati, lakini kule chini zilinyamaza kabisa. Kwa hiyo alipochanganya wimbo aliona besi haitoshi, akaongeza. Akasikiliza tena, akaona bado, akaongeza. Humo chumbani wimbo ulikuwa mtamu. Ukipigwa nje kwenye spika kubwa, ni mambo mengine.

Siku moja mwalimu wa kwaya alichukua wimbo wao mpya kwenye flashi, akaenda kuupiga ukumbini kwenye mahafali ya shule. Vioo vya madirisha vilitetemeka. Bilauri ya mgeni rasmi ilianza safari yenyewe kuelekea ukingoni mwa meza, na mgeni rasmi akaitazama ikienda, akaidaka. Waimbaji walisikika kwa mbali, kama waliofunikwa blanketi.

Mwalimu wa kwaya alikuwa mtu mpole. Alikuja studio kesho yake, akavuta kiti, akasema, "Bi Nyaya, wimbo ni mzuri. Shida ni kwamba hatukuusikia."

Bi Nyaya alicheka, lakini maneno yalimwingia. Siku hiyohiyo alikata shauri: atanunua sabufa, asikie mwenyewe anachokitia kule chini.

Muuza vyombo vya muziki alikuwa na duka karibu na stendi, na kwake kitu kizuri ni kitu kikubwa, basi. Alimpeleka moja kwa moja kwenye sanduku lililofika kiunoni.

"Chukua hii, dada. Ukiiwasha tu, jirani anajua."

"Sitaki jirani ajue. Nataka nijue mimi."

Muuzaji akajikuna kidevu. Akashuka hadi kwenye sabufa ya inchi kumi na mbili, yenye tundu mbele kama mdomo ulioachwa wazi. Pembeni yake palikuwa na nyingine ya inchi kumi, imefungwa pande zote, haina hata nakshi. Bi Nyaya akaigonga kwa kidole.

"Na hii?"

"Hiyo ni ya watu wanaosoma gazeti," alisema muuzaji. "Mwanamuziki hawezi kuinunua hiyo."

Bi Nyaya akaomba apewe zote mbili akazijaribu chumbani kwake, kwa sababu sauti ya dukani ni ya dukani. Mwingine angekataliwa, lakini Bi Nyaya ndiye aliyefufua amplifaya ya duka hilo wakati mafundi wengine watatu wamenyoosha mikono. Muuzaji akakubali shingo upande. "Jumatatu, moja irudi," alisema, "na isiwe na mkwaruzo."

Mumewe, seremala, alikuja kumsaidia kubeba. Alizitazama mara moja tu akaichagua ile kubwa. "Kitu cha kulipia kionekane," alisema, na kwake kesi ikawa imekwisha.

Jumamosi asubuhi wakaanza. Bi Nyaya aliiweka sabufa kubwa kwenye kona, akapiga kipande cha gitaa la besi kinachopanda na kushuka. Nota moja ilinguruma hadi meno yakauma. Iliyofuata ikatoweka kabisa. Hapo akakumbuka mbinu aliyofundishwa na mjomba: ukitaka kujua pa kuweka sabufa, iweke kwanza juu ya kiti chako cha kazi, kisha wewe utambae chumbani kichwa kikiwa chini, usikilize. Mahali utakapozisikia nota zote sawasawa, hapo ndipo pa kuiweka.

Basi akatambaa. Bi Nyaya hakuwa mwembamba, na chumba hakikuwa kikubwa. Mumewe alisimama kidogo akimwangalia, akaona aibu kusimama peke yake, naye akapiga magoti. Walikuwa wamefika kando ya kabati, mmoja anaelekea huku, mwingine kule, mlango ulipofunguliwa na mwalimu wa kwaya.

"Mmepoteza kitu?" aliuliza.

"Besi," alisema Bi Nyaya bila kuinua kichwa.

Mwalimu wa kwaya alitafakari jibu hilo. Kisha akaweka mkoba wake mezani, akakunja suruali mpaka magotini, akaungana nao.

Kwa saa mbili walizunguka humo. Seremala alisema pazuri ni mlangoni. Mwalimu alisema ni chini ya dirisha. Bi Nyaya alikuwa amezisikia sabufa zote mbili mara nyingi kiasi kwamba hakuona tena tofauti ya hii na ile, wala ya hapa na pale. Masikio yalikuwa yamechoka. Alikaa sakafuni, akaegemea ukuta, na kwa mara ya kwanza akafikiri kwamba huenda kazi hii imeanza kumpita.

Hapo ndipo wifi alipoingia.

Huyu alikuwa dada mkubwa wa seremala, fundi cherehani, na chumba chake cha kazi kilishikana ukuta na studio. Ugonjwa ulimnyang'anya usikivu wote akiwa na miaka arobaini. Aliendelea kuzungumza vizuri, na ukimtazama usoni unapoongea anakusoma midomo bila taabu. Lakini kwa miaka sita tangu studio ifunguliwe hakuwahi kukanyaga humo. Bi Nyaya hakuwahi kumwita. Kumkaribisha kiziwi studio aliona ni kumchokoza.

"Nani anaburuta fanicha?" wifi aliuliza. Alikuwa na pini tano zimepangwa kolani. "Mkasi wangu unatembea mezani."

Aliwaona watu wazima watatu wamekaa sakafuni, akangoja maelezo. Mdogo wake akamgeukia na kumweleza polepole: sabufa mbili, chumba kimoja, hawajui ipi wala wapi. Wifi akaiendea meza akaweka kiganja. Kisha akavua ndala.

"Washa," alisema. Akafumba macho. "Zima. Washa ile nyingine."

Hakuna aliyecheka. Wifi aliendesha cherehani ya miguu tangu ujana wake, na kila mtu pale ndani alijua kwamba anaijua kwa nyayo zake mashine iliyoanza kuugua, kabla haijakata uzi hata mmoja.

"Hii yenye mdomo inavuta miguu," alisema hatimaye. "Mpigaji ameshanyamaza, yenyewe bado inaongea. Hii ndogo inagonga, inaondoka."

Bi Nyaya aliinuka upesi, akatazama kwenye kompyuta mahali nota zinapoishia, akairudia sabufa kubwa. Kweli, ilibaki ikinguruma baada ya nota kukatika. Alikuwa ameisikia hali hiyo asubuhi nzima akidhani ni utamu.

Wakaipandisha ile ndogo kwenye kiti, na wifi akaanza kuzunguka pekupeku, taratibu, kama anayepima chumba kwa unyayo. Mlangoni akatikisa kichwa. "Hapa nota moja tu inasukuma, nyingine hamna." Chini ya dirisha akatikisa tena. Alipofika ukuta wa kushoto, hatua moja na nusu kutoka konani, akasimama muda mrefu.

"Hapa zote sawa," alisema. "Ila pana kabati."

Seremala akalitazama kabati lake. Alikuwa ameligongelea ukutani mwenyewe kwa misumari ya inchi nne, akaapa kwamba halitang'oka. Ilimchukua saa nzima kulithibitisha hilo, na nusu saa nyingine kulishinda.

Sabufa ilipowekwa pale, Bi Nyaya alikaa kitini. Nota zilishuka moja moja kama mtu anayeteremka ngazi bila haraka, kila moja na uzito wake. Aliendelea kuipunguza sauti mpaka ikawa huitambui kuwa ipo, hadi utakapoizima. Kisha akafungua wimbo wa kwaya, ule wa ukumbini, na kwa mara ya kwanza akasikia alichowafanyia wale watu. Akafunika uso.

Mwalimu na seremala walipotoka kunywa chai, alimgeukia wifi yake.

"Wifi, mbona hukuwahi kuja huku?"

"Mbona hukuniita?"

"Niliogopa kukuumiza."

"Na mimi niliona nitakuharibia shughuli." Wifi alikuwa akitafuta ndala yake moja chini ya meza. "Tumeogopana miaka sita, na katikati ni ukuta tu."

Jumatatu sabufa kubwa ilirudi dukani bila mkwaruzo. Muuzaji aliikagua, akauliza ni mtaalamu gani aliyemshauri achukue ile ya wasoma gazeti.

"Wifi yangu," alisema Bi Nyaya. "Hasikii."

Akalipia ile ndogo, akaenda zake. Wiki hiyo aliuchanganya upya wimbo wa kwaya, na mwalimu akaupeleka tena kwa watu. Alirudi na habari kwamba sasa maneno yanasikika vizuri sana, kiasi kwamba msikilizaji mmoja amegundua wanakosea ubeti wa pili.

Tangu hapo wifi huja studio kila Alhamisi na kazi yake ya mkono, anakaa kwenye kigoda karibu na ukuta wa kushoto. Wiki iliyopita alikuja mpiga besi mmoja mwenye kipara, mzoefu wa bendi nyingi, akarekodi kipande chake huku akigonga sakafu kwa mguu. Wifi akainua kidole.

"Mguu wako unawahi," alimwambia. "Vidole vinachelewa."

Yule bwana alibisha kidogo. Bi Nyaya akamrudishia alichopiga, na walisikiliza pamoja mpaka mwisho. Bwana akakohoa, akakaza nyuzi ambazo hazikuwa zimelegea, akapiga tena. Mara ya tatu wifi hakuinua kidole. Aliendelea kushona pindo la sketi ya mteja, kichwa kinaenda taratibu, na Bi Nyaya akabonyeza kitufe cha kuhifadhi.