Karata Zangu Zilivyopita kwa Mshenga

Sikujifunza kiinimacho cha karata kwa sababu napenda karata. Nilijifunza kwa sababu ya mama mmoja wa Kilosa aliyekuwa na binti, na binti huyo nilimtaka kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote tangu nizaliwe.

Barua ya posa ilikuwa imeshapelekwa. Baba wa binti aliridhika, wajomba wakaridhika, hata shangazi mtu, ambaye ukoo mzima unamjua kwa kutoridhika, aliridhika. Akabaki mama. Mama alisema anafikiria, na akaendelea kufikiria masika yote. Nilipombana mshenga wangu, mzee wa kanisa na fundi baiskeli pale Kilosa, alinijibu bila kunipamba.

"Mwanangu, mama hana ubaya na wewe. Anasema tu hakujui. Kila ukija unakaa kwenye kochi kama mzigo uliosahauliwa stendi."

Niliumia. Sasa ningefanyaje? Kwao mchumba wa binti hamkabili mama wa binti. Hampi kitu mkononi, hatazamani naye, wala hapigi naye soga. Mama hukaa chumba cha ndani, nyuma ya pazia la mlango, na neno lolote, hata la kuulizia mvua, lazima lipitie kwa mshenga. Shikamoo yenyewe niliitoa nimeinama, nikiliamkia zulia. Hebu mwambie mtu achangamke katika hali hiyo, tuone.

Siku hizo nilikuwa mtu wa mapokezi katika gesti moja Mikumi, kando ya barabara kuu. Mchana wageni wakishaondoka, kazi inayobaki ni kulinda funguo na kufukuza nyani wanaoingia jikoni kuiba mkate. Mchana mmoja, nikiwa napoteza bando, simu ikaniletea video ya kijana anayemwambia msichana achague karata, kisha yeye anaitaja. Msichana alicheka mpaka akakaa chini. Nikasema, dawa ndiyo hii. Mama akishangaa atacheka, akicheka atanizoea, akinizoea ameniozesha.

Mchezo wenyewe ni rahisi ukielezwa. Unaichungulia karata ya chini kabisa, tuseme tisa ya shupaza. Mtu anachukua karata yake, anaitazama, anairudisha juu. Unazikata, nusu ya chini unaileta juu, na tayari tisa yako imeikalia karata yake. Ukizifunua moja moja, inayofuata baada ya tisa ndiyo yake. Mtoto wa chekechea anaweza.

Mimi sikuweza. Karata zilinimwagikia kaunta, zikanimwagikia kwenye kitabu cha wageni, moja ikaelea ndani ya supu ya mpishi. Huyo mpishi ndiye aliyekuwa mtu wangu wa kwanza kumjaribia. Alichagua, akairudisha, nikahangaika, nikamtajia kwa mbwembwe zote: "Malkia wa kopa!"

"Labda," akasema, akiendelea kumenya vitunguu. "Sikuiangalia vizuri."

Nikamjaribia dereva wa lori aliyekuwa anasubiri chakula. Alipoona tu nachanga karata, aliziba mfuko wa shati lake kwa mkono. "Mdogo wangu, mimi nilishaliwa na watu wa karata tatu. Niletee ugali, nakuomba."

Sikukata tamaa. Nilifanya mazoezi mbele ya kioo cha bafu la wageni mpaka nikajiona fundi. Nikaomba ruhusa, nikapanda gari la asubuhi kwenda Kilosa, karata zikiwa mfukoni zimeviringishwa kwenye kitambaa kama dawa za kuletea ugomvi. Nyumba ile ni ya Waanglikana wa kuaminika, na mbele yao karata na kamari ni mtu na kaka yake.

Mshenga alizishika kwa ncha za vidole. "Na hizi?"

"Ni mchezo tu, mzee. Nataka nimchangamshe mama. Wewe utazipeleka, mama atachagua moja, ataitazama, ataiweka juu, atazikata, utanirudishia."

Alifikiri sana, akakubali. Siri yenyewe sikumwambia, kwani mchezaji mahiri hajianiki ovyo. Hapo ndipo nilipojichimbia shimo. Niliona nimempata msaidizi, nikasahau kwamba aliyeketi pale ni mshenga, mtu ambaye kazi yake yote duniani ni kufikisha mambo kama yalivyo, bila kupunguza wala kuongeza.

Tukakaribishwa. Baba wa binti akaketi kwenye kiti chake, mimi kwenye kochi, mama nyuma ya pazia. Mchumba wangu aliingia na chupa ya chai, akanikonyeza nitulie. Nikazichanga karata, na moja tu ikaanguka. Nikachungulia ya chini kwa ustadi wa hali ya juu, nikamkabidhi mshenga. Akaenda hadi kwenye pazia, akasafisha koo.

"Mama, kijana anaomba uchague karata moja, uitazame, uirudishe juu, uzikate. Vilevile, kabla hajanipa hizi karata ameichungulia ya chini. Hakunituma niseme, lakini hakunikataza."

Baba wa binti akakohoa kikohozi ambacho hakikuwa cha mafua. Mimi nilitamani zulia linimeze.

Sauti ya mama ikatoka taratibu. "Muulize, ameichungulia ili iweje?"

Mshenga akageuka. "Mama anauliza, umeichungulia ili iweje?"

Nilikuwa na nafasi ya kusema kweli, tukacheka, mambo yakaisha. Badala yake mdomo wangu ukaamua wenyewe. "Mwambie mama sijachungulia kitu. Nilikuwa napuliza vumbi."

"Anasema alikuwa anapuliza vumbi," mshenga akafikisha, kwa uso wa huzuni kuu.

Pazia likatikisika kidogo, likafunguka upenyo wa jicho moja. Jicho lile likaniangalia kwa muda mrefu, mimi nikiangalia chupa ya chai.

"Mwambie aseme tena."

Nikasema tena, na safari hii nikaongeza kwamba vumbi la Mikumi ni jingi mno, kwa sababu ya malori. Nyuma ya pazia kukatokea mlio kama wa sufuria inayochemka. Mama alikuwa anacheka. Akamwita binti yake: "Wewe, njoo huku, simama hapa umtazame!" Binti akaingia, na mara nikasikia vicheko viwili, kimoja nakipenda na kingine sijawahi kukisikia maishani. Baba wa binti naye akaniinamia, akanikagua usoni, mabega yakaanza kumtikisika.

Mama alipopata pumzi, alizungumza kwa sauti ya mtu anayejifuta machozi.

"Mshenga, yule aliyemchukua dada wa huyu binti alikuwa anatudanganya uso mkavu, nasi tunamkaribisha chakula. Ndiyo maana na huyu nikawa nasitasita. Nilikuwa nataka kujua akidanganya anakuwaje. Leo nimemwona. Anatoka jasho puani, kwenye ncha, matone kabisa. Mwambie mkwe wangu anywe chai, halafu tupange siku."

Mkwe wangu! Nilishika pua, kweli ilikuwa imelowa, na sikujali hata kidogo. Nilikunywa ile chai kwa furaha mpaka nikaunguza ulimi. Karata sikurudishiwa, nasikia mpaka leo mama anawachezea wajukuu, tena vizuri kuliko mimi.

Tumeoana, tunaishi vizuri. Ila nikichelewa kurudi nyumbani na mke wangu akaniuliza nilikuwa wapi, huwa hahangaiki kuniangalia machoni. Anawasha taa, anasogea karibu, anaangalia pua.