Nilivyobishana bei ya maumivu na mama yangu, mgonjwa wa saratani

Wakuu, heshima kwenu.

Hii ni yangu mwenyewe, sijaiokota WhatsApp. Nimeisoma mara mbili kabla ya kupost, na mara zote mbili nimeonekana mjinga, kwa hiyo jueni ni ya kweli.

Mimi nauza viatu vya mtumba Moshi mjini. Mama yangu aliuza ndizi sokoni Mwika tangu sijazaliwa. Nyumba yetu hata chumvi haikusogezwa mezani bila kubishana bei.

Miaka michache nyuma mama akakutwa na saratani ya titi. Ilipofika kwenye mifupa nikarudi kihambani, shamba letu la nyumbani Mwika, kumuuguza, mjini nikawa nashuka mara mbili tu kwa wiki.

Kliniki wakatuwekea app kwenye simu yangu. Kila asubuhi unajaza: maumivu sifuri mpaka kumi, amelala kwa saa ngapi, amekula, mawazo yakoje. Nesi anaona kule mjini, anaamua dawa iongezwe au ibaki.

Asubuhi ya kwanza mama kakaa karibu na moto, mimi namenya ndizi za mtori.

"Mama, maumivu ngapi?"

"Saba."

"Mbona umeanzia juu hivyo? Tuseme nne."

"Nne umeiona wapi? Sita."

"Tano, tumalizane."

"Haya, chukua."

Nikajaza tano, tukacheka wote wawili.

Wakuu, zile asubuhi nazikumbuka mpaka leo. Moshi wa kuni, ng'ombe anadai majani bandani, mama na khanga zake mbili ananibania namba kama mkungu wa ndizi.

Sikuwa na nia mbaya. App ilikuwa inachora mstari, nami nilitaka kuuona unashuka. Nilijidanganya kwamba mstari ukishuka, ugonjwa utaufuata.

Ikaenda hivyo wiki tatu. Mama akaanza kusema nane, mara tisa. Mimi nashusha tu mpaka tano.

"Mama, siku hizi umepandisha sana."

"Nisipopandisha, hiyo saba nitaipata wapi?"

Nikacheka tena. Mjinga kamili. Na wakati huo alikuwa hawezi kugeuka kitandani bila kushika ukuta, nikimwona kwa macho yangu.

Siku moja nesi akapiga.

"Kaka, maumivu tano kila siku, halafu usingizi wa saa mbili tu usiku kucha? Hizi namba haziendani. Nipe mama niongee naye."

Nikaweka spika.

"Shikamoo mama. Maumivu ngapi leo?"

"Marahaba." Mama akaniangalia kwanza, kisha akaisogelea simu. "Mwanangu, nianzie ngapi ili tufike tisa?"

Nesi akasema anaandika tisa.

Mimi nikatoka nje nikasimama kwenye migomba. Sikuwa na la kufanya huko, ila ndani sikuweza kukaa.

Dawa ya maji ya maumivu ikaongezwa siku hiyohiyo. Kesho yake mama aliamka jua limeshafika uani. Nilienda kuchungulia kama anapumua, mara mbili.

Tangu hapo alichosema ndicho nilichojaza. Akisema nane, kidole kinataka kwenda sita chenyewe, nakirudisha.

Alipata miezi kadhaa ya kulala kama watu. Asubuhi ya mwisho aliyoweza kunijibu alisema, "Mbili."

"Mbili kweli, au unanionea huruma?"

"Bei ya mwisho, baba."

Nikabonyeza mbili.

Nilichojifunza: app ni nzuri, ila namba ni ya mgonjwa. Wewe umeshika simu tu. Zile wiki tatu za tano siwezi kuzifuta, na mama hakunidai hata neno.

Mliowahi kumjazia mzazi, semeni ukweli hapa chini: mliandika alichosema, au mlichotaka kusikia?