Senti Yenye Tundu kwenye Mlima wa Kwale

Gari letu lilikuwa na mapafu ya ng'ombe na koo la kuku. Hivyo ndivyo nilivyowaeleza majirani zangu wa Mwabungo walipouliza mbona linanguruma kama la mkuu wa wilaya, kisha linasimama kama punda. Lilikuwa la Mzungu mmoja wa Diani, aliyelifungia mashine ya kusukumia upepo ndani ya injini ili awapite rafiki zake barabarani. Mume wangu, ambaye ni fundi, aliiita mashine ile mvukuto, kwa kuwa kazi yake ni ile ile ya mvukuto wa mhunzi. Mzungu alipokuwa anarudi kwao, mimi ndiye niliyekwenda kupatana bei. Nililizunguka gari, nikayapiga magurudumu mateke, nikaguna, nikaondoka, nikarudi, nikaondoka tena. Mwisho aliniita mwenyewe. Nilijiona mjanja mpaka siku tulipolipeleka mlimani.

Ubaya wake ulikuwa huu. Mvukuto ukiupeleka upepo kwenye kabureta, petroli nayo lazima isukumwe kwa nguvu kuushinda upepo huo, la sivyo upepo unairudisha ilikotoka. Pampu ya asili ilikuwa imekufa, na ile iliyokuwapo ilitolewa kwenye kigari kilichoozea Matuga. Haikuwa na nguvu hiyo. Kwenye tambarare hujui. Mlimani, mume wangu akikanyaga mafuta, mvukuto unaanza kuimba, injini inakohoa, tumesimama. Pampu mpya ilikuwa ya kuagizwa Ulaya kwa meli. Basi tukawa tunachukua abiria na nazi huku huku chini, Ukunda hadi Msambweni, na mlima tukawaachia wenye pampu zao.

Mama yangu alikuwa akikaa Kwale, juu huko.

Asubuhi moja binamu yangu aliteremka kutoka Kwale kwa baiskeli. Hakuiegemeza ukutani. Aliilaza chini mchangani, nami nikajua kabla hajafungua mdomo.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Sema."

"Mama ametutoka alfajiri. Atazikwa baada ya adhuhuri. Wamesema ufanye haraka."

Kwetu wanawake hatwendi makaburini. Maiti tunamuaga nyumbani. Akisha kuoshwa na kuvishwa sanda, uso unaachwa wazi kidogo ili walio wake wamtazame. Kisha unafunikwa, wanaume wanalibeba jeneza, na aliyechelewa amechelewa. Basi la Kwale lilikuwa limekwisha kupita. Nilikuwa nataka kuuona uso wa mama yangu, na nilichokuwa nacho ni gari lisilopanda mlima.

Nilipotoka na buibui langu, mume wangu alikuwa amekwisha kufungua boneti.

"Ufungue huo mvukuto uutupe," nikamwambia.

"Injini hii Mzungu aliikwangua ndani ili iutegemee upepo, mke wangu. Bila mvukuto haipandi hata kichuguu."

"Basi?"

"Basi niikaze springi ya pampu. Nikiipachika washa chini yake, itasukuma petroli kwa nguvu zaidi."

Washa yenyewe, kibati cha duara chenye tundu, aliikata kwenye kopo la samli. Tulifunga baiskeli juu ya gari, binamu akakaa nyuma, tukaondoka. Ukunda tukaipita, Tiwi tukaipita, injini inakwenda vizuri kama mtu anayetaka kukuuzia kitu. Baada ya Matuga barabara ikaanza kuinuka. Mvukuto ukaimba. Tukapanda kona ya kwanza, tukaingia ya pili, kikaanza kile kikohozi.

"Shemeji," binamu akasema tuliposimama, "baiskeli yangu ingekuwa imekwisha kufika, ila gari lako limeibeba."

Mume wangu alishuka, akainua boneti. Aliifungua pampu, akatoa lile bati. Lilikuwa limejikunja kama jani la tambuu.

"Nataka kitu kigumu," akasema. "Cha duara, chenye tundu katikati."

Tukatazamana, kila mmoja kana kwamba mwenziwe amekificha kinywani.

Nami nilikuwa nacho. Kwenye pindo la leso yangu kulikuwa na senti moja ya tundu ambayo mama aliitia uzi mweusi akanifunga kiunoni nilipokuwa mchanga. Nilipokua alinikabidhi mkononi. "Hii usiitumie," aliniambia. "Ni ili usije hata siku moja ukasema huna kitu."

Nikafungua fundo. "Nina senti moja."

"Dada, si wakati wa kupatana bei," akasema binamu.

"Ina tundu."

Mume wangu aliipokea, akaigeuza. "Ya mama?"

"Ya mama."

"Nitalazimika kulipanua tundu kwa tupa."

"Panua."

Nikakaa kwenye jiwe nikiisikiliza tupa. Binamu akatoa senti yake mwenyewe mfukoni. "Wekeni na hii, lipae kabisa."

"Zikiwa mbili, kabureta itafurika," mume wangu alisema. "Petroli itamwagikia injini ya moto, tutazikwa naye wote."

Akaiweka ile moja, akafunga, akawasha. Gari likapanda. Mvukuto uliimba, nami nikangojea kikohozi kila kona, hakikuja. Nilicheka. Siku ambayo nilikuwa na haki ya kulia, nilicheka kwa sauti, na mume wangu akanitazama.

Adhana ya adhuhuri tuliisikia tukiwa bado chini ya kona za mwisho. Tulipofika juu na kupinda njia ya kwetu, jeneza lilikuwa linatoka msikitini.

Mume wangu alisimamisha gari kando, akazima injini, kama inavyopasa. Akashuka, binamu akashuka, wakaenda kutia mabega. Nikabaki ndani. Jeneza lilikuwa limefunikwa leso niliyomnunulia mama Idi iliyopita, ile aliyoniambia kuwa nimepunjwa. Lilipita karibu na kioo changu. Mimi ambaye humsimamisha kila mchuuzi njiani, nilifungua mdomo nikaufunga. Jeneza halisimamishwi. Na ningelisimamisha, ningewapa nini?

Wakatokomea nyuma ya minazi. Injini ilikuwa ikipoa, ikilia tik, tik.

Nyumbani nilimkuta mama mdogo, aliyemuosha dada yake kwa mikono yake. Alinikumbatia kwa muda mrefu.

"Tulikungoja, mwanangu. Tuliuacha uso wazi mpaka wanaume wakaanza kugonga mlango."

"Alikuwaje?"

Akafikiri. Alijua ninamuuliza nini, na alijua pia kuwa mimi sinunui kitu kwa kuambiwa tu kuwa ni kizuri.

"Alikuwa kama mtu aliyetajiwa bei," akasema, "akanyamaza, akingoja mwenye duka apunguze."

Hapo ndipo nilipolia.

Jioni mume wangu aliniuliza kama aitoe ile senti, aweke chuma kingine, anirudishie. Nilimwambia aiache, kwani tutapanda tena siku ya arubaini kwa ajili ya hitima. Tukapanda. Gari halikukohoa hata mara moja, kona zote, tena lilikuwa limejaa watu na gunia la mchele. Tulifika mapema mno, kabla hata mikeka haijatandikwa.